Mkutano Mkuu wa Kijiji: Namna ya Kuutumia, Kuanzia Ajenda hadi Muhtasari

Kwa miaka minne nilihudhuria mikutano ya kijiji chetu kama wengi wanavyohudhuria. Nafika imeshaanza, nakaa pembeni penye kivuli, nasubiri wakati wa mengineyo, kisha nanyoosha mkono. Swali langu lilikuwa moja tu: fedha tulizochangia za kisima zimefikia wapi? Kila mara mwenyekiti alinijibu kwa upole, "Tumelipokea, ndugu yetu, litafanyiwa kazi." Mwaka wa tano jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinichukua hadi ofisi ya mtendaji tukaomba kusoma mihtasari ya nyuma. Tulisoma asubuhi nzima. Swali langu halikuwamo hata mara moja. Kwa mujibu wa makaratasi ya kijiji, mimi sikuwahi kufungua mdomo.

Siku ile nilielewa jambo ambalo ndilo msingi wa mwongozo huu: kijijini, kilichosemwa hupita na upepo, kilichoandikwa kwenye muhtasari ndicho kilichotokea. Mwananchi anayetaka kusikika lazima ajue njia ya neno lake, tangu halijawa ajenda hadi limekuwa azimio lenye jina la mhusika na tarehe.

Ninazungumzia Tanzania Bara, na zaidi vijiji. Aliye mjini atatumia hatua hizihizi kwenye mkutano wa mtaa, ila ajue kwamba mtaa hauna nguvu za kijiji: halmashauri ya kijiji ni chombo kamili kisheria, kinaweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa, mtaa hauna hadhi hiyo. Zanzibar ina utaratibu wake wa shehia, na sheha huteuliwa, hachaguliwi.

Hatua ya kwanza: jua mkutano wenu una nguvu gani

Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye au nchi yake. Ibara ya 146 inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Maneno hayo yanapata miguu katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Sura ya 287. Humo, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Si wa wenye kadi ya chama fulani, si wa wakuu wa kaya peke yao, si wa wanaume. Na mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika sera na mambo ya jumla ya kijiji. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, ile tunayoiita serikali ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa wajumbe hao.

Watu wengi hudhani mwenyekiti ndiye mkubwa na mkutano ni wa kusikiliza taarifa zake. Sheria imepanga kinyume chake. Mwenyekiti na wajumbe wanatekeleza, mkutano unaamua.

Tofautisha pia watu wawili wanaokaa meza moja. Mwenyekiti wa kijiji amechaguliwa na ninyi. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, na ndiye katibu wa vikao, yaani ndiye mwenye kalamu. Ukitaka jambo liamuliwe, zungumza na mwenyekiti na wajumbe. Ukitaka liandikwe, zungumza na mtendaji. Mimi nilikosea kwa miaka minne kwa sababu nilimwangalia mwenyekiti tu.

Mkutano mkuu unatakiwa uitishwe angalau mara moja kila miezi mitatu, na halmashauri ya kijiji ikutane angalau mara moja kwa mwezi. Andika tarehe za mikutano minne iliyopita. Kama huzikumbuki kwa sababu haikufanyika, ruka hadi hatua ya saba kisha urudi.

Hatua ya pili: toa jambo lako kwenye mengineyo

Mengineyo ndiko hoja zinakokwenda kufia. Huwa mwisho, jua limekolea, akina mama wameondoka kuwahi kupika, mtendaji ameshafunga daftari kichwani. Jambo zito lisisubiri hapo.

Ajenda ya mkutano mkuu huandaliwa kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, na wenyeviti wa vitongoji ni wajumbe wa kikao hicho. Kwa hiyo mlango wako wa kwanza ni mwenyekiti wa kitongoji chako. Mwone wiki tatu au nne kabla. Mweleze jambo, sikiliza anachokifahamu (mara nyingi anafahamu kuliko unavyodhani), kisha umwachie barua fupi. Nakala moja mpelekee mtendaji, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, barua yako ni sawa na maneno ya barabarani.

Barua isizidi nusu ukurasa. Yetu ya kisima ilikuwa hivi:

"Kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Yah: Ombi la ajenda katika mkutano mkuu ujao. Sisi wakazi wa kitongoji kilichotajwa hapo juu tunaomba mkutano mkuu ujao uwe na ajenda ifuatayo: Taarifa ya mapato na matumizi ya michango ya kisima, kuanzia siku ya kwanza ya uchangiaji hadi leo, pamoja na stakabadhi za manunuzi. Tunaomba tujulishwe kwa maandishi endapo ajenda hii haitawekwa, na sababu zake. Wenu katika ujenzi wa kijiji." Chini yake majina kumi na moja na sahihi.

Angalia namna ajenda ilivyoandikwa. Hatukuandika "kero ya maji". Ukiandika kero, utajibiwa kwa pole na ahadi. Ukiandika taarifa ya fedha fulani, ya kipindi fulani, pamoja na stakabadhi, mwenye jibu atalazimika kuja na karatasi au kueleza mbele ya watu kwa nini hana.

Hatua ya tatu: zungumza na watu kabla ya siku yenyewe

Mtu mmoja akisimama peke yake kuuliza habari za fedha, kijiji humwona mchokozi, au humwuliza anatumwa na nani. Watu watatu wa vitongoji tofauti wakiuliza jambo lilelile kwa lugha ya heshima, linakuwa la kijiji. Kwa hiyo pita kwenye vikundi ambako watu tayari wanaaminiana: VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), kikundi cha kufa na kuzikana, kwaya, wazee wa msikiti, vijana wa bodaboda kijiweni. Uliza, usihubiri. Waulize walichanga kiasi gani, na kama walipewa stakabadhi.

Mwenyekiti naye mwambie mapema. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona mikutano ikivunjika kwa ugomvi usio na sababu: kiongozi aliyeshtukizwa mbele ya watu hujitetea, aliyeambiwa mapema ana muda wa kutafuta makaratasi. Nyumba kwa nyumba tutaendelea kuishi pamoja baada ya mkutano, kuzikana na kuozeana.

Saa ya mkutano nayo ni siasa. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi ni mkutano wa wazee wa kiume na wenye maduka. Wanawake wako shambani au kisimani, wafugaji wako na mifugo, vijana wako vibaruani. Omba saa nane mchana, na siku isiyo ya gulio wala ibada. Kijijini kwetu kubadilisha saa peke yake kuliongeza wanawake kuliko mbiu yoyote. Lakini kuwapo hakutoshi: nimeona akina mama wakikaa nyuma kwenye khanga walizotandika, wanaongea wao kwa wao mambo ya maana kabisa, na hakuna anayewapa nafasi ya kusema. Mwombe mwenyekiti kabla, kwa faragha, kwamba baada ya kila wanaume wawili aite mwanamke. Wengi hukubali wakiombwa hivyo.

Hatua ya nne: siku ya mkutano

Mpangilio wa kawaida ni huu: kufungua, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo na muhtasari huo, taarifa ya mapato na matumizi, ajenda nyingine, mengineyo, kufunga. Wenye haraka huruka vitu viwili vya mwanzo kwa kisingizio kwamba muda umekwenda. Hapo ndipo pa kusimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba muhtasari usomwe na tuuthibitishe kabla hatujaendelea."

Sentensi hiyo moja ina faida kuliko hotuba ya nusu saa. Muhtasari ukisomwa, kila mtu anasikia yaliyoahidiwa. Yakifika yatokanayo, kila aliyeahidi anatakiwa aseme amefikia wapi. Na kama jambo lenu la mara iliyopita halimo, huo ndio wakati wa kusahihisha, kabla haujathibitishwa. Ukishathibitishwa, umekuwa ukweli rasmi.

Unapouliza, uliza swali linalojibika kwa namba, tarehe au jina. "Fedha zetu zinaliwa!" si swali, na inakufungulia kesi ya kuchafua jina la mtu. "Mwezi wa sita tulisomewa salio la shilingi kadhaa, leo tumesomewa salio la mwanzo tofauti. Tofauti hiyo imetokana na nini?" Hilo halina matusi, wala halikwepeki.

Mjadala ukielekea mwisho, omba azimio. Azimio kamili lina vitu vitatu: nani, atafanya nini, hadi lini. "Litafanyiwa kazi" halina hata kimoja. Sema: "Naomba iandikwe kwamba mtendaji ataleta stakabadhi za mabomba kwenye mkutano mkuu ujao, na nakala zibandikwe ubaoni kabla ya tarehe fulani." Kisha umwombe mtendaji asome alichoandika. Mwanzoni nilidhani ataona namdharau. Alifurahi, kwa kuwa akishasoma mbele ya watu hakuna wa kumlaumu baadaye kwamba aliandika yake.

Sasa jambo dogo lenye hatari kubwa: karatasi ya mahudhurio. Usitie sahihi kwenye karatasi tupu. Juu yake pawe na jina la kijiji, tarehe na ajenda za siku hiyo, na kila ukurasa uwe na namba. Orodha ya sahihi isiyo na kichwa inaweza kubanwa kwa pini kwenye muhtasari wowote, hata wa mkutano ambao haujawahi kufanyika, na ardhi hupotea kwa njia hiyo. Kijijini kwetu sasa tunakata mstari chini ya jina la mwisho, mwenyekiti na mtendaji wanasaini juu ya mstari huo papo hapo, na yeyote mwenye simu anapiga picha.

Hatua ya tano: soma mapato na matumizi kama mwenye mali

Taarifa ya fedha inatakiwa isomwe mkutanoni na kubandikwa ubaoni kila robo mwaka. Huhitaji kuwa mhasibu kuielewa. Kuna hesabu mbili tu za kushika.

Ya kwanza: salio la mwanzo, jumlisha mapato, toa matumizi, upate salio la mwisho. Salio la mwisho la robo hii lazima liwe salio la mwanzo la robo ijayo. Piga picha tangazo kila robo, ulinganishe. Kisha uliza kiasi gani kiko benki na kiasi gani kiko mkononi, maana fedha nyingi kukaa mkononi kwa muda mrefu ni dalili mbaya hata kama mtunzaji ni mwaminifu.

Ya pili: idadi ya kaya mara kiwango cha mchango. Tuseme kijiji kina kaya 420 na kila kaya iliamuliwa ichange shilingi 10,000. Matarajio ni shilingi 4,200,000. Taarifa inasema zimepatikana 2,650,000. Maana yake kaya 265 zimelipa na 155 hazijalipa. Omba orodha ya hizo 155. Isomwe, au ibandikwe. Ikiwa jina la mtu mwenye stakabadhi mkononi limo kwenye orodha ya wasiolipa, tatizo limejitokeza lenyewe, bila kumshutumu mtu. Na mara nyingine orodha inaonyesha kweli watu hawakulipa, na waliokuwa wakilalamika kwa sauti kubwa wamo. Hesabu inakata pande zote mbili, na ndiyo sababu naipenda.

Kwetu ilitokea hivyo. Karibu theluthi mbili ya fedha za kisima zilikuwa na stakabadhi halali za pampu na fundi. Sehemu iliyobaki haikuwa na karatasi, na aliyeshika fedha alipewa na mkutano miezi miwili kuzirudisha. Alirudisha kwa awamu. Na waliokuwa hawajachanga walitajwa, wakaanza kuchanga.

Dai stakabadhi kila unapotoa shilingi, hata kama anayeipokea ni ndugu yako. Kuhusu shule, kumbuka kwamba Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima katika shule za serikali za msingi na sekondari. Wananchi kuamua wenyewe kujenga darasa ni jambo jingine na ni jema, lakini mtoto asifukuzwe darasani kwa deni la mzazi wake. Ukiona hilo linafanyika, lipeleke kwenye mkutano lijadiliwe kwa jina lake.

Hatua ya sita: wahi msimu wa bajeti

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Watu wengi huanza kuulizia zahanati mwezi wa Mei, bajeti ikiwa imeshaondoka wilayani zamani na wabunge wanaijadili Dodoma. Mipango ya vijiji huanza kuibuliwa miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda, kwa utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, ambao wananchi hukaa, huorodhesha walichonacho na kinachowakwamisha, kisha hupanga vipaumbele. Toka kijijini, mipango hukusanywa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Toka hapo huenda kwa wataalamu wa halmashauri ya wilaya na mwishowe Baraza la Madiwani. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba ndio wa kuulizana, "Safari hii tunaomba nini?"

Ushauri wangu ni kuomba kitu kimoja au viwili. Kijiji kinachopeleka vipaumbele kumi na vinane kimewaachia wengine wakichagulie. Na ombi lenye jasho ndani yake huenda mbali zaidi: kwa desturi ya miaka mingi, wananchi husomba mawe na mchanga kwa msaragambo, wakanyanyua boma hadi kwenye lenta, na halmashauri ikamalizia paa, sakafu na milango. Ila mjue kabla kama kuna fedha za kumalizia. Nchi hii ina maboma mengi yaliyoota miti ndani, na kila moja ni jasho la watu walioambiwa wangoje. Kabla ya kuchimba msingi, mwombeni diwani athibitishe kwa maandishi kama jengo limo kwenye mpango wa halmashauri. Mwulizeni pia mhandisi wa wilaya kuhusu ramani, kwa sababu boma lililojengwa nje ya vipimo linaweza kukataliwa.

Fedha za mradi zikifika, mara nyingi ujenzi hufanyika kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo kamati za wananchi husimamia ununuzi, kupokea vifaa na ujenzi wenyewe badala ya kampuni kubwa ya ukandarasi. Kamati hizo zichaguliwe hadharani. Anayepokea vifaa asiwe ndiye aliyevinunua. Mchagueni mtu anayejua kuhesabu mifuko ya saruji na asiyeona haya kulirudisha lori mifuko ikiwa pungufu.

Halmashauri ya wilaya pia hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Imo kisheria tangu 2018. Utoaji ulisimamishwa 2023 kwa sababu ya urejeshaji mbovu na vikundi hewa, ukarejea 2024. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona. Mkutanoni, ulizeni ni vikundi gani vya kijiji chenu vimepata, kwa majina. Kikundi hewa hakiwezi kusomwa mbele ya majirani.

Ardhi: hapa msiharakishe

Haya ndiyo maamuzi yasiyorudi nyuma. Kisima kibovu kitachimbwa kingine. Ekari mia tano zilizokwenda hazirudi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini anavyosimamia mali ya wengine. Haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Serikali ikitaka kuhamisha sehemu ya ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyosimamiwa tena na kijiji, kwa mfano kwa ajili ya mwekezaji, eneo lisilozidi hekta 250 linakubaliwa au kukataliwa na mkutano mkuu wenyewe. Likizidi hapo, uamuzi wa mwisho hutoka juu, lakini maoni yenu bado hutakiwa. Hekta 250 ni kama ekari 618. Mjue kipimo hiki, kwa sababu hekta na ekari huchanganywa kwa makusudi: mtu akisikia "mia mbili" anadhani ni ekari.

Mgeni mwenye mradi akija, msikilizeni na mumkaribishe, halafu msiamue siku hiyo. Ombeni ramani, idadi ya hekta, mipaka kwa majina ya mito na njia mnayoijua, idadi ya kaya zitakazohama, na ahadi zake kwa maandishi. Shule na barabara za mdomoni zisiingie kwenye hesabu. Timu ya vijana na wazee ikatembee mipaka kwa miguu. Mkutano wa pili uitishwe baada ya wiki kadhaa, na kura zihesabiwe, si kupigiwa makofi. Idadi ya waliokubali, waliokataa na wasioamua iandikwe.

Msisahau wasiokuwapo. Malisho ya wafugaji, msitu wa kuni na dawa, na mashamba ya wajane ndiyo huitwa "ardhi isiyotumika" na mtu asiyeyatumia.

Hatua ya saba: mkutano usipoitishwa, au majibu yasipotoka

Anza karibu. Barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, yenye sahihi za wakazi, ikiomba mkutano uitishwe na ikitaja tarehe ya mkutano wa mwisho. Wape wiki mbili. Kisha barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani. Kisha mkurugenzi mtendaji wa halmashauri ya wilaya. Kila barua itaje zile za nyuma kwa tarehe na iambatanishe nakala zenye muhuri. Anayeruka ngazi hurudishwa chini na kupoteza miezi. Anayefuata ngazi kwa karatasi anakuwa mgumu kurudishwa.

Ukitaka nyaraka, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016. Omba kwa maandishi, taja taarifa unayoitaka kwa usahihi, na taasisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Usiombe "taarifa zote za maendeleo". Omba "nakala ya makadirio ya gharama za ujenzi wa madarasa mawili ya shule yetu na kiasi kilichopokelewa hadi leo". Gharama ya kutoa nakala unaweza kutakiwa kuilipa, kwa hiyo omba kurasa unazozihitaji tu.

Vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi. Nauli ya kufika makao makuu ya wilaya si ndogo, najua, lakini mwenye nafasi aende hata mara moja kwa mwaka. Diwani anayejua kuna mtu wa kijijini ameketi nyuma huongea tofauti. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika bungeni Aprili, na imo sehemu ya serikali za mitaa. Itafuteni halmashauri yenu humo, kisha mwulizeni diwani kuhusu hoja zilizotajwa.

Ikiwa una ushahidi wa rushwa, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, hupokea simu za bure kwa namba 113. Nasema ushahidi. Usimpigie mtu simu hiyo kwa sababu mmegombana mipaka ya shamba. Na kama unahofia usalama wako, usiwe wa kwanza wala peke yako kusaini. Barua ya watu thelathini kutoka vitongoji vyote haina kichwa cha kukamatwa.

Hatua ya nane: daftari la uchaguzi si lile unalolijua

Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila baada ya miaka mitano, na wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024. Kila mara watu hufika kituoni na kadi ya mpigakura ya Tume ya Uchaguzi mkononi wakakuta majina yao hayamo. Uchaguzi huu una orodha yake ya wapigakura, inayoandikishwa upya kwenye kitongoji au mtaa wiki chache kabla. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa wa siku kumi tu, Oktoba 11 hadi 20. Aliyekosa siku hizo alikosa kumchagua mwenyekiti atakayeishi naye miaka mitano. Ukiandikishwa, rudi siku orodha inapobandikwa usome jina lako, na ukilikuta jina la marehemu au la mtu asiyeishi kwenu, weka pingamizi wakati ungali upo.

Mpigakura ni raia wa miaka 18 na zaidi, mgombea ni wa miaka 21 na zaidi, na lazima apendekezwe na chama cha siasa. Maana yake ni kwamba mengi yanaamuliwa kwenye kura za maoni za vyama, miezi kabla ya Novemba, katika vyumba vyenye watu wachache. Asiyetaka kugombea bado anaweza kuuliza chama chochote kilichopo kijijini: mnamleta nani, na alihudhuria mikutano mingapi mwaka huu? Mihtasari ipo, majina ya waliohudhuria yamo.

Kijijini kwetu mwalimu mstaafu ameshaanza orodha nyuma ya daftari lake. Ana majina manne, yote ya wanawake waliosimama mkutanoni mwaka jana wakauliza swali lenye namba. Mmoja wao ndiye aliyesoma orodha ya kaya ambazo hazijachanga kisima, pamoja na jina la kaka yake.